Kwa Baiskeli Katika Bustani Zilizonusurika

Mpenzi msikilizaji, juma hili sikupeleki mbali. Nakuomba utoe baiskeli yako, uipanguse vumbi, uyajaze matairi upepo, kisha unifuate Jumapili asubuhi, kabla makanga wa matatu hawajaanza kuita abiria. Tutazunguka jiji la Nairobi kutoka bustani moja hadi nyingine, polepole, tukizikwepa barabara kuu kila inapowezekana. Safari nzima haizidi kilomita 20. Asiye na baiskeli atatufuata kwa masikio.

Huenda ukauliza, mambo ya baiskeli yameingiaje katika kipindi cha historia? Jibu ni kwamba bustani tutakazozipitia tumezizoea mno. Tunaziona kama tunavyoiona milima ya Ngong, yaani vitu vilivyowekwa na Mungu ambavyo havina wa kuviondoa. Sivyo hata kidogo. Karibu kila moja imewahi kufikiwa na mtu mwenye ramani na kamba ya kupimia, naye akaondoka kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyekataa. Leo nataka tuwakumbuke hao waliokataa.

Tuanzie Jeevanjee, katikati ya mji, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akaja huku na kuwa mkandarasi wa reli ya Uganda, ile reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 na kuuzaa mji wenyewe. Ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa, ambalo leo ni The Standard. Mwaka 1906 alitengeneza bustani hii, akasimamisha ndani yake sanamu ya Malkia Victoria, na akaitoa kwa watu wa Nairobi. Angalia basi jambo hili. Katika mji ambao serikali ya kikoloni iliugawa kwa rangi ya ngozi, bustani ya umma katikati ya mji ilitolewa na Mhindi, mtu ambaye mwenyewe alikuwa akipigania haki ya Wahindi kumiliki ardhi katika nyanda za juu, na asiipate.

Miaka 85 ikapita. Mwaka 1991 ukazuka mpango wa kuijenga bustani hiyo, iwe maduka na maegesho ya magari. Aliyesimama mbele kuupinga ni Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Hakuwa na jeshi. Alikuwa na kumbukumbu ya familia kuhusu ardhi hiyo ilivyotolewa na kwa nani, na watu wa mji waliokubali kupaza sauti pamoja naye. Mpango ukafa. Ndiyo maana miaka iliyofuata wananchi waliweza kukusanyika chini ya miti hiyo kujadili siasa, wakajiita Bunge la Mwananchi. Kama maduka yale yangejengwa, bunge hilo lingekaa wapi?

Haya, tupande. Tukishuka Muindi Mbingu na kukata kulia Kenyatta Avenue, tunafika Uhuru Highway. Hapa shuka uisukume baiskeli, maana dereva wa Nairobi hamjui mwendesha baiskeli hata siku ya Jumapili. Ng'ambo ya pili, upande wa kushoto, ni Uhuru Park. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua tarehe 23 Mei 1969, na tangu hapo mtu wa Majengo au Kawangware ambaye hana ua wala bustani nyumbani kwake alikuja kulala kwenye nyasi, kupigwa picha na kupanda mashua katika ziwa dogo.

Mwaka 1989 ilifahamika kwamba jumba la orofa 60 lingejengwa humo ndani, liwe makao ya gazeti la chama tawala, KANU, pamoja na ofisi na maduka, na mbele yake sanamu ya Rais. Fedha nyingi zilikuwa za kukopwa ng'ambo. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement akaketi akaandika barua: kwa wizara, kwa ofisi ya Rais, kwa mashirika ya kigeni, kwa balozi wa Uingereza. Aliuliza swali moja jepesi: je, wakubwa wa London wangekubali jumba kama hilo katika Hyde Park?

Waheshimiwa wabunge walimcheka na kumtukana. Rais Moi alisema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mahakama iliitupa kesi yake. Shirika lake likafukuzwa katika ofisi lililokuwa limepewa na serikali, likahamia nyumbani kwake. Lakini wafadhili walikuwa wamezisoma zile barua. Jumba likapunguzwa orofa, kisha likasahauliwa, na mapema mwaka 1992 uzio uliokuwa umezungushiwa uwanja ukang'olewa.

Hebu simama kwenye pembe ile ya bustani inayotazama makutano ya barabara mbili. Mnamo tarehe 28 Februari 1992, majuma machache tu baada ya uzio kuondolewa, kina mama waliokuwa na wana wao gerezani kwa sababu za kisiasa walikuja hapo, wakawasha mishumaa, wakafunga kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana kubwa katika mila zetu. Wangari alipigwa hadi akazirai. Kesho yake polisi walikuwa wameizingira bustani, kwa hiyo akina mama wakaingia kanisa la All Saints lililo jirani, wakakaa huko hadi karibu wana wao wote walipoachiliwa mapema mwaka 1993. Pembe hiyo ndiyo tunayoiita Freedom Corner. Tarehe 27 Agosti 2010, katika bustani iyo hiyo, katiba mpya ilitangazwa mbele ya umati. Jumba la orofa 60 lingekuwa na nafasi ya ukumbi wa mikutano, sina shaka, lakini mlangoni pangekuwa na askari wa kuuliza wewe ni nani.

Kutoka hapo tunapanda kilima taratibu, tukipitia State House Road yenye miti mirefu, hadi Arboretum. Ifunge baiskeli langoni tuingie kwa miguu. Mahali hapa palianza mwaka 1907 kama shamba la majaribio. Wakati huo treni zilikwenda kwa moto wa kuni, na misitu iliyokuwa karibu na reli ilikuwa ikifyekwa. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua haraka katika udongo wetu. Kwa hiyo bustani hii haikuzaliwa kwa ajili ya mapumziko, bali kwa ajili ya kulisha injini. Miaka ya 1990 ilikuwa imetelekezwa, vichaka vimeota, watu wanaogopa kupita. Mwaka 1993 raia wachache wakaunda chama cha marafiki wa Arboretum, wakaanza kusafisha njia na kuandika majina ya miti. Siku hizi utakuta waumini wanaosali, wanafunzi wanaosoma na watoto wanaokimbizana, na hakuna aliye na habari kwamba aliupokea urithi huo kutoka kwa watu wenye panga na mifagio.

Sasa tushuke kuelekea Riverside, tuvuke Waiyaki Way pale Westlands. Kelele hapa haziepukiki, na juu yetu ni ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. Mchoro wake wa kwanza ungekula kipande cha Uhuru Park, ukabadilishwa mwaka 2019 baada ya watu kulalamika. Na katika njia yake, hapa Westlands, palikuwa na mugumo mkubwa wenye umri wa takriban miaka 100. Wakandarasi walikuwa tayari kuung'oa. Watu wakaandamana kuuzunguka, na Novemba 2020 ikatolewa amri ya Rais kwamba mti huo uhifadhiwe.

Tukiingia Parklands pumzi inarudi. Tunapita kwenye zile barabara zenye nambari badala ya majina, kwenye kivuli na maua ya ukutani, hadi City Park upande wa pili wa Limuru Road. Chunga ndizi yako, kima wa City Park hawangoji kukaribishwa. Katika makaburi yaliyo hapa amelala Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari na mpigania uhuru, aliyeuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965 nje ya nyumba yake Westlands. Rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 kisha akajiuzulu, alitaka azikwe karibu naye. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa hapa. Lakini hata kaburi halikuwazuia wanyakuzi. Katika miaka ya 1990 vipande vya bustani hii vilimegwa, pakatokea kuta na majengo mahali palipokuwa na miti. Kati ya bustani zote za leo, hii ndiyo iliyonusurika ikiwa na majeraha.

Kituo chetu cha mwisho ni Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Humo ndani sasa kuna njia za baiskeli, maporomoko ya maji na mapango. Mwaka 1998 ilikuja kujulikana kwamba sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kugawiwa watu binafsi, na miti inakatwa ili zijengwe nyumba za kifahari. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake, wakiwemo wabunge, walikwenda langoni na mche mmoja wa kupanda. Walikutana na vijana wenye rungu na mijeledi. Wangari alipasuliwa kichwa, na alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa aliitia sahihi kwa damu yake. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Mnamo Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukabaki. Mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na mwaka 2011 akatutoka.

Mpenzi msikilizaji, tukiwa tumepumzika chini ya mti na chai ya chupa, hebu ichore njia yetu mavumbini kwa kijiti. Utaona jambo. Tumetoka katikati ya mji, tukaenda magharibi, kisha kaskazini. Hatukugusa mashariki hata kidogo. Hiyo si bahati mbaya. Wakoloni walijichagulia vilima vyenye hewa safi, Wahindi wakaachiwa Parklands na Ngara, na Waafrika wakapelekwa kwenye uwanda wa mashariki, Pumwani, Shauri Moyo na kwingineko. Miti ikafuata fedha. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilipangwa nyumba zikizunguka viwanja vya wazi, lakini haikuwa desturi. Uwanja mkubwa unaojulikana wa Eastlands ni Kamukunji, na unajulikana kwa mikutano ya siasa, kama ule wa Saba Saba uliopigwa marufuku mwaka 1990, si kwa vivuli. Na ndiko wanakoishi wengi wa wale wanaopanda baiskeli kila siku, fundi, muuza maziwa, mlinzi wa usiku, ambao kwao baiskeli ni kazi na si matembezi.

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilipotoa ripoti yake mwaka 2004 ilituonyesha ukubwa wa hasara, takriban hatimiliki 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Mtindo ulikuwa mmoja. Kwanza taa za bustani zinaachwa ziharibike. Kisha takataka zinarundikana. Kisha inasemekana mahali hapo ni pango la wahuni. Kisha mabati yanazungushwa, na siku yanapoondolewa kuna ghorofa. Katiba ya mwaka 2010 inasema ardhi ya umma ni ya wananchi na inashikiliwa kwa niaba yao. Maneno mazuri. Lakini Jeevanjee, Uhuru Park na Karura ziliokolewa kabla maneno hayo hayajaandikwa, na watu waliojua tu kwamba kitu hicho ni chao.

Kwa hiyo nakupa kazi juma hili. Kama una uwanja karibu na kwako, hata uwe wa vumbi na magoli mawili ya miti, nenda ukaulize katika ofisi za kaunti umeandikishwa kwa jina la nani. Uliza sasa, wakati watoto bado wanachezea hapo. Ukishayaona mabati, utakuwa umechelewa kwa hatua tatu.

Haya, geuza baiskeli, kurudi mjini ni mteremko. Hadi juma lijalo, kwaheri.