Baruti, Gorogoro na Mkono wa Broka

Wasee, leo tuongee historia ya kifaa ambacho wengi wetu hapa Kitui hatutawahi kukishika: kipimo cha baruti. Ni kale kamashine ambako walenga shabaha hutumia wakijaza upya maganda ya risasi. Utaniuliza, hiyo inanihusu aje? Tulia, twende mdogo mdogo.

Kwanza, baruti si mgeni kwetu. Karne ya 19, misafara ya Wakamba ilikuwa ikibeba pembe za ndovu hadi Mombasa. Mmoja wa matajiri wa biashara hiyo alikuwa Kivui Mwenda wa Kitui. Yeye ndiye aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni akiwa huku Kitui ndipo Krapf aliuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba. Mwaka 1851 wakasafiri pamoja kuelekea Mto Tana, wakavamiwa njiani, Kivui akauawa. Krapf alitoroka peke yake na bunduki yake. Hakuwa na kibuyu, kwa hivyo akajaza maji kwenye mtutu. Njaa ikambana hadi akajaribu kula baruti, tumbo likamuuma vibaya.

Bunduki nyingi za enzi hiyo zilijazwa kwa mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unatia risasi, unashindilia. Kiasi kilipimwa kwa kikombe kidogo au kifuniko cha pembe ya baruti. Ile baruti nyeusi ilikuwa na huruma kidogo: ukizidisha au ukipunguza kiasi, mara nyingi ungeishia tu kukosa shabaha.

Halafu mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akaunda baruti isiyo na moshi mwingi. Hiyo ilikuwa moto wa kuotea mbali. Nguvu yake ilizidi ya baruti nyeusi kwa mbali, na ukizidisha kidogo tu, presha inapanda hadi bunduki inaweza kupasuka usoni mwako. Hapo ndipo kupima kukawa jambo la kufa na kupona.

Mwaka huo huo kule Marekani, John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal, ikauza vifaa vya kujazia risasi, vikiwemo vipimo vya baruti. Kampuni ya Lyman iliinunua mwaka 1925, lakini wazo lile linatumika mpaka leo. Juu kuna chupa ya baruti. Chini yake kuna silinda yenye tundu, na ukubwa wa tundu unarekebishwa kwa skrubu. Ukipandisha mkono wa mashine, tundu linajaa. Ukiushusha, baruti inamwagika kwenye ganda. Sekunde chache, umemaliza.

Lakini shika hii: kale kamashine hakapimi uzito, kanapima ujazo. Baruti yenye punje za mviringo inatiririka kama simsim. Yenye punje ndefu kama vipande vya tambi inakwama na kuacha mapengo. Ukivuta mkono kwa nguvu leo na polepole kesho, tundu ni lile lile ila uzito umebadilika. Uzito wenyewe unahesabiwa kwa greini. Pauni moja ni greini 7000, na jina hilo lilitokana na punje ya nafaka. Yaani hata baruti ya wazungu ilianza kupimwa kwa hesabu ya shambani.

Kwa hivyo walenga shabaha wakajiwekea nidhamu. Anayelenga umbali wa mita 100 anaweza kuamini mashine, bora mkono wake usibadilike. Anayelenga mita 1000 hupima kila risasi kwenye mizani, kwa sababu risasi yenye mwendo mdogo itaanguka chini ya shabaha. Na hata yule wa mita 100 ana mizani ya kukagua kama mashine yake bado inasema ukweli.

Sasa twende sokoni. Gorogoro ni kamashine kale kale, tofauti ni kwamba haina skrubu. Tunaambiwa ni kilo mbili, lakini ni mkebe tu, na mkebe unapima ujazo. Broka akinunua ndengu, anautikisa zishikane, anaongeza kilima juu. Akienda kuuza, anamimina taratibu, hatikisi, na kilima kinapotea. Kuna mikebe iliyobonyezwa chini makusudi, kila mtu anajua. Susu yangu amelima ndengu maisha yake yote, na sijawahi kuona broka akimletea mizani.

Hapo ndipo hii historia inaniuma. Watu wanaotoboa karatasi kwa raha zao hawakubali kipimo bila mizani pembeni. Sisi tunategemea ndengu kulipa karo, na tunakubali mkebe ulio mikononi mwa mtu anayefaidika ukidanganya.

Sisemi gorogoro itupwe. Ni ya haraka, na kila mama sokoni anaielewa. Nasema ikaguliwe. Mizani midogo ya dijitali si ghali sana, na vijana watano wa kijiji wanaweza kuchanga wanunue mmoja. Msimu ujao broka akifika kwa susu, weka ule mkebe wake kwenye mizani kwanza, ndio muanze kuongea bei.