Papa Mkavu na Bei ya Kaskazi

Katika zama ambazo barafu ilikuwa bado haijaingia sokoni, bei ya samaki wa ng'ambo katika Unguja na Mombasa ililetwa na upepo. Kwani kaskazi ikishavuma sawasawa, kuanzia Desemba, vyombo vya Sur, Mukalla na Shihr, bandari za Arabuni, viliteremka pwani yetu na shehena za tende na chumvi, na pamoja nazo, kwa harufu isiyositirika, papa mkavu na nguru wa chumvi.

Wenye mali walimpima papa kwa frasila, yaani ratili 35, kipimo kilekile cha karafuu. Mnunuzi wa rejareja hakuwa na haja ya frasila. Alikuta jamvi limetandikwa, vipande vimepangwa, vigumu kama ubao. Akakibonyeza kimoja kwa dole gumba, akakinusa, akakigeuza atazame kama chumvi imeshika au imeanza kutoa maji, ndipo alipouliza bei, na akiisha kuambiwa akakirudisha jamvini kama kwamba hakitaki. Kipande kidogo, kikichemshwa na kutiwa tui, kilitosha kuteremshia sinia ya wali ya watu wengi, na kwa hiyo papa akawa kitoweo cha maskini.

Bei hiyo ilikuwa na kupwa na kujaa kwake. Nakhoda aliyekuwa akiharakia boriti za Rufiji hakuwa na wasaa wa kubishana na tajiri. Katika msimu wa 1938 na 1939 baharia wa Kiaustralia, Alan Villiers, alisafiri kutoka Aden katika bumu la Kikuwait, akaishuhudia safari hiyo hadi Rufiji kwenyewe. Lakini kusi ikichachamaa, wavuvi wetu wakashindwa kutoka, tajiri yuleyule alifungua ghala lake. Kwa rai yangu, aliyefaidi zaidi ni mwenye ghala kavu na subira, wala si yule aliyeihatarisha roho yake baharini. Tena tarehe 1 Januari 1936 rupia ya Unguja ilipoondolewa, kila moja ikahesabiwa shilingi moja na nusu, na anayewajua wauza duka hataacha kujiuliza zile sehemu za senti zilizobaki ziliangukia mfuko wa nani.

Baadaye mafuta yaliwapa mabaharia wa Ghuba kazi nyingine, na vyombo vya msimu vikapungua mwaka hata mwaka. Kaskazi ingali ikivuma, ila perege wa kufugwa kutoka China hufika Mombasa wamegandishwa ndani ya makontena, mwezi wowote, wala hawangoji upepo. Ama papa, amekuwa adimu: mwaka 2013 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliwaweka chini ya ulinzi papa wenye kichwa cha nyundo, na mwaka 2022, mjini Panama, ikaongezwa jamii kubwa ya papa wengine, ambao sasa hawaruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi pasina hati.