Dalili na Thawabu katika Nchi ya Migodi

Tarehe 6 Machi 1940, huko Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga, Dakta John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliufikia mwamba wa almasi alioutafuta kwa miaka. Masimulizi hupenda kumweka chini ya mbuyu akiokota jiwe kwa bahati. Yana utamu wake, lakini hayatufundishi jinsi almasi inavyotafutwa.

Almasi ni haba hata ndani ya mwamba wake, na mwamba wenyewe hufunikwa na udongo. Mtafutaji haioni. Anachoona ni madini yasiyo na bei yanayotoka pamoja nayo, kama garneti na ilmenaiti, ambayo ni mengi na huchukuliwa na maji mbali na asili yake. Huchota changarawe, akaosha, akahesabu punje. Husogea mbele, akahesabu tena. Mahali palipokosa hata punje moja huandikwa pia, kwa kuwa bila mahali hapo hangejua asili iko upande gani. Mwamba uliopatikana Mwadui ulikuwa na eneo la hekta 146 hivi.

Dhahabu ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani mwaka 1898. Mgodi mkubwa ulichimbwa kuanzia 1936 hadi 1966, na mwingine ukafunguliwa mwaka 2000. Mimi nawatazama zaidi wachimbaji wadogo, maana mara nyingi mchimbaji wa duara halipwi fedha bali viroba vya mawe, nao ni ujira ambao mwenye kuupokea hajui kiasi chake. Mawe husagwa na kuoshwa. Zebaki huikamata dhahabu, moto huifukuza zebaki, ndipo kipande kidogo huwekwa mizanini. Hata hapo mizani haisemi kweli yote. Dhahabu nyingi husalia katika marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, ambao aghalabu huwa mali ya mwenye mwalo. Hivyo mtu aweza kuliacha duara jema kwa sababu tu dhahabu yake ni unga mwembamba usiokamatika.

Kati ya pigo la kwanza la sululu na mizani huweza kupita miezi, na katika miezi hiyo mtu hufanya mengi: hubadili duara, hubadili washirika, huenda kwa mganga. Dhahabu ikitoka, ni lipi kati ya hayo lililoileta? Aliyepata humsifu mganga. Waliokwenda kwa mganga yuleyule wakakosa hurudi makwao kimya, wala hakuna awahesabuye.

Hesabu hiyo pungufu ilisaidia kumwaga damu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliuawa katika Kanda ya Ziwa, hasa Mwanza, ambayo wakati ule Geita ilikuwa sehemu yake, na Shinyanga, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Wachimbaji na wavuvi walitajwa miongoni mwa wanunuzi. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa Bukombe.

Wako wasemao kwamba huu ni ujinga wa watu wa huko. Siafiki. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani na Uingereza walifundisha mashine bila kuiandikia thawabu: watu walitazama vipande viwili vya picha za mwendo, wakachagua kilicho bora, na mashine ikakisia watakacho. Mkono mmoja wa kuigiza uliotakiwa kushika kitu ulijifunza kujiweka kati ya kamera na kitu hicho. Watazamaji wakadhani umekishika, wakaupa sifa. Mkono ule haukuwa na mganga wala imani yoyote. Ulifuata dalili iliyolipwa.

Nayo tiba ya dalili mbaya haiko mbali na maduara. Kabla ya kusaga mzigo mzima, mchimbaji mwenye uzoefu huponda mawe machache, akayaosha karaini na kutazama mstari wa dhahabu uliobaki ukingoni. Usipoonekana, huponda mengine ya mwamba uleule kabla hajaondoka.