Herufi za Bodoni na Macho ya Msomaji

Ziko herufi ambazo ukizitazama utadhani zimevaa nguo za sherehe. Mstari mmoja ni mnene kama nguzo, wa pili ni mwembamba kama unywele, na vistari vidogo vilivyo kwenye ncha zake vimenyooka kana kwamba vimepigwa kwa rula. Hizo ndizo herufi za Bodoni. Msomaji amekwisha kuziona, au kuwaona ndugu zake, ingawa hakuambiwa jina: kwenye kadi za arusi, chupa za manukato na majalada ya magazeti ya mitindo.

Giambattista Bodoni alizaliwa mwaka 1740 katika mji wa Saluzzo, kaskazini mwa Italia, akiwa mtoto wa mchapaji. Alifanya kazi Roma, katika matbaa ya kanisa iliyochapa vitabu vya wamisionari kwa lugha za mbali. Mwaka 1768 aliitwa Parma kuongoza matbaa ya mtawala wa huko, akakaa hadi alipofariki mwaka 1813. Mwaka 1806 alichapa sala ya Baba Yetu kwa lugha 155. Mjane wake, Margherita, ndiye aliyekitoa kitabu cha vielelezo vya herufi zake, juzuu mbili, mwaka 1818.

Unywele ule haukuja wenyewe. Mwingereza John Baskerville wa Birmingham, alipochapa mashairi ya Virgil mwaka 1757, alitumia karatasi laini na wino mweusi kuliko wenzake. Njia ikafunguka, Bodoni, pamoja na akina Didot wa Paris, wakaifuata hadi mwisho wake. Kwa hiyo uzuri huu ulikuwa na masharti: karatasi laini, wino mzuri, herufi kubwa na nafasi nyeupe pande zote. Watawala na matajiri waliweza kuyalipia masharti hayo.

Taabu ilianza katika karne ya 19, herufi za namna hii zilipoenea hadi kwenye vitabu vya kawaida. Zikichapwa ndogo kwenye karatasi duni, unywele hukatika: e hugeuka c, na n hubaki vijiti viwili. Mtu mzima aliyezoea kusoma hulijaza pengo kwa akili yake. Mtoto anayeanza hawezi, maana hana bado akiba ya maneno aliyokwisha kuyaona. Huyo huitwa mzito, hali kosa ni la ukurasa.

Ndiyo sababu chuoni niliwaambia walimu wanafunzi kwamba kabla ya kuuliza kitabu kinasema nini, wakae dawati la nyuma, jua likiwa linatua, waone kama kinasomeka. Wachapaji nao walilifikiria jambo hili. Mwaka 1932 gazeti la The Times la London lilianza kutumia herufi mpya, Times New Roman, zilizokusudiwa kusomeka vizuri zaidi katika safu za gazeti.

Simlaumu Bodoni. Alichonga herufi za karamu, na karamu ni haki ya binadamu. Tuziweke kwenye jalada, kwenye kadi, kwenye cheti cha mhitimu. Lakini ndani ya kitabu cha kusomea tuweke herufi ya kazi, isije ikawa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anayechagua herufi huchagua pia nani ataweza kusoma.