Safu ya Lugha: Dalili Si Ithibati

Septemba 2025 NASA ilitangaza kwamba jiwe lililotobolewa na Perseverance, kigari chake kilichoko Mirihi, lina madoa yanayoweza kuwa dalili ya vijidudu vya kale. Baadhi ya watangazaji wakaharakisha kutuambia "ushahidi wa uhai" umepatikana. Polepole, jamani!

Maneno dalili, ushahidi na ithibati yote yana asili ya Kiarabu, lakini hayalingani uzito. Dalili huashiria tu: wingu ni dalili ya mvua, na mvua huenda isinyeshe. Ushahidi ni wa shahidi, aliyeona. Ithibati ndiyo hukata mzizi wa fitina. Madoa yale huweza kutokana na kemia tupu, bila kiumbe chochote. Wahariri, andikeni "dalili", tena ya kutiliwa shaka.