Mukazo wa verbo za Kiitaliano ulitoka wapi?

Jina la Kalunguta tunalisema kwa silabi ine, Ka-lu-ngu-ta, na sauti inakazwa ku « ngu ». Kiswahili kinakaza karibu siku zote silabi ya pili toka mwisho. Basi mwanafunzi wa kwetu akipelekwa Roma, ginsi wengi wa nchi za misioni walivyopelekwa tangu Papa Urbano VIII alipoanzisha chuo cha Propaganda mwaka 1627, anasoma « perdono » kwa desturi yake: perdóno. Katika kitubio ni vizuri, maana yake « ninasamehe ». Lakini akitaka kusema « wanapoteza », imempasa kukaza mbele: pèrdono. Maandishi ni yale yale.

Sababu ni ya zamani. Waroma walisema pérdunt, cántant. Kisha t ya mwisho ilianguka, na watu wa Italia wakaongeza o. Wasomi wengi wanasema waliiazima ku verbo « sono ». Silabi iliongezeka, lakini mukazo haukuhama. Kwa hiyo mutu anayejua « àbita » (anakaa) anajua tena « àbitano » (wanakaa), hata kama silabi tatu zinafuata nyuma ya mukazo.

Kugawanya silabi nako kunatudanganya. Sisi tunasema Bu-te-mbo, m inakwenda pamoja na b. Wao wanasema tem-po, can-ta-no. Lakini s yao inakwenda mbele: re-sta-no.

Je, Kilatini cha seminari kinatosha? Kinasaidia sana, lakini asijivune mutu. Vidére ilibaki vedére, ni kweli. Lakini ridére iligeuka rìdere, na respondére ikawa rispóndere. Tena sápere na cádere zilifanya safari ya kinyume: sapére, cadére. Hapa hakuna dawa ila kukariri.

Wakati ujao ndio unaopendeza zaidi. Watu wa kawaida walisema « cantare habeo », ni kusema « nina la kuimba ». Maneno mawili yalishikana, habeo ikabaki ò tu, nayo ikavuta mukazo wote kwake: canterò.

Vitabu vya kawaida vinaandika alama mwishoni mwa neno tu, kama ku canterò. Ku « perdono » haviandiki kitu; musomaji anatazama sentensi nzima mbele ya kufungua kinywa.