Kabuti la Vita Sokoni Sumbawanga

Nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri maungo. Methali hii ilinijia asubuhi moja ya Julai, katika soko la Sumbawanga, nilipomwona mzee aliyevaa kabuti la kijeshi la zamani juu ya suruali ya kawaida na kandambili. Vifungo viwili vya shaba vilikuwa vimesalia; vingine vyote vilikuwa vya plastiki. Kijana niliyefuatana naye akaninong'oneza kuwa mzee yule ajifanya askari. Mimi mtu wa pwani, niliyekuwa nikitetemeka ndani ya shati jepesi, sikuweza kucheka. Kwanza nilimwonea wivu kwa lile joto lake. Kisha nikajiuliza: je, yafaa raia avae vazi la vita pamoja na nguo zake za nyumbani?

Msomaji ambaye hajapata kupanda Ufipa yampasa ajue kwamba nchi ile ni uwanda ulioinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai huingia hadi kwenye mifupa. Wala watu wake hawakuwa watu wa kungojea nguo za wengine. Wafipa wa kale walifua chuma katika matanuri marefu kuliko kimo cha mtu, na walifuma nguo za pamba zilizosifiwa na wasafiri wa karne ya 19. Nguo za madukani zilipoenea, vitanda vya kufumia vikanyamaza. Hivyo kabuti la jeshi lilipofika uwandani, lilifika kwa watu ambao mikono yao ilikuwa imeanza kusahau nguo yao wenyewe.

Nalo lilifika kwa njia ya vita. Kasanga, iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika chini ya uwanda huo, Wajerumani waliiita Bismarckburg, na ngome yao pale ilitekwa na majeshi ya Uingereza mwezi Juni 1916. Wanaume wa nchi hizo za mpakani walichukuliwa kubeba mizigo. Katika Afrika Mashariki nzima wanahistoria wanakadiria kwamba Waingereza peke yao waliwatumikisha wapagazi wapatao milioni moja, na karibu laki moja wakafa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Askari alipewa sare. Mpagazi, aghalabu, alipewa blanketi, na mara nyingine hata hilo hakupata.

Hata hiyo sare yenyewe haikuwa na uaminifu. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka Mto Ruvuma, likawashinda Wareno huko Ngomano, na likajitwalia bunduki zao na nguo zao. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, mabaki ya jeshi hilo, askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100 pamoja na wapagazi wao, yalisalimisha silaha huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, kusini tu mwa Ufipa. Ndipo yakateremshwa hadi Kasanga na kupakiwa melini kwenda Kigoma. Fikiri, ewe msomaji: askari wa Mjerumani, ndani ya koti la Mreno, amesimama mbele ya Mwingereza. Ni nani hapo aliyevaa vazi lake mwenyewe?

Askari hao walikwenda makwao wakiidai dola iliyokwisha kuanguka. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali hatimaye kuwalipa waliokuwa hai. Yasimuliwa vitabuni kwamba wazee walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare zao kuukuu kuwa ushahidi. Vipande hivyo havikutosha, kwani koti laweza kuvaliwa na yeyote. Kila mzee akapewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Mwili ulikumbuka yale ambayo nguo haikuweza kuyathibitisha. Lakini mpagazi je? Yeye hakuwa na hati, wala sare, wala amri ya kukumbuka. Hata ile sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, ingawa maandishi yake yanawataja wapagazi, umbo lake ni la mwenye sare na bunduki.

Sisi wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Beni zilizaliwa kwetu, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Wachezaji walivaa makoti ya kijeshi, wakapeana vyeo vya Kingi na Jenerali, na Marini wakashindana na Arinoti. Askari na wapagazi wa vita ile ndio walioieneza ngoma hiyo hadi bara ya mbali. Wazungu wengine waliicheka, wengine wakaiogopa. Na walioiogopa walifahamu zaidi, kwa kuwa mtu anayecheza cheo cha bwana wake amekwisha kukiona kuwa ni vazi tu, lenye kuvalika na kuvulika.

Leo sheria ya Tanzania inamkataza raia kuvaa sare za majeshi au vazi linalofanana nazo, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Naiona sababu yake: mwenye sare huaminiwa au huogopwa kabla hajasema neno, na mhalifu anaijua siri hiyo. Basi rai yangu ni hii. Katika koti la jeshi mna nguo na mna alama. Alama ni mali ya dola, na asiyeistahili akiivaa amejivika kilemba cha ukoka. Nguo ni jambo jingine. Makabuti ya vita vile vya kale, ambavyo dola zake zimekwisha kuondoka, yalilipiwa na migongo ya watu wetu mara nyingi zaidi ya thamani yake. Mjukuu wa mpagazi akijifunika nalo penye baridi, simwoni kuwa ameazima. Kijana avaaye kwa urembo namwomba jambo moja tu: aulize kwanza ni nani alibeba mzigo mwenye nguo hiyo akitembea mbele.

Sikumwuliza mzee yule alikolipata lake. Huenda lilikuwa la mtumba tu. Jua lilipopanda alilivua, akalikunja bitana ikawa nje, akaliweka juu ya gunia lake la maharage, kisha akaendelea kupima.